Mgeni Wetu wa Botswana

Kuna chakula kimoja ambacho kikipikwa karibu yangu huwa nainuka nikaondoka, na watu hudhani nina maringo. Ni ngano ya kupaza inayochemshwa kwa mtindi mpaka ikawa uji mzito mweupe, halafu ikamwagiwa juu vitunguu vya kukaanga na jira. Mwezi uliopita, siku ya tatu baada ya kumzika mama, jirani yetu mmoja hapa Mombasa aliyewahi kufanya kazi Riyadh alituletea sufuria zima kwa wema wake. Harufu ilinifikia kabla ya salamu. Nikatoka uani, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na wale wanawake wa matanga wakasema mwacheni, anamlilia mamake. Walikosea, ingawa si sana.

Nyinyi wenzangu tuliolelewa ughaibuni mtanielewa nikisema kwamba Jeddah kwangu haikuwa ughaibuni. Ilikuwa nyumbani, basi. Tulikaa Al-Mahjar, ghorofa ya pili, katika jengo ambalo ngazi zake zilinukia vitunguu vya mataifa sita. Baba alikuwa karani bandarini, kazi yake kuandika makontena yanayoshuka melini na yanakokwenda. Mama alikuwa mama. Mimi nilikuwa peke yangu, nimeshiba vitabu na kiyoyozi, na nilijiona najua kila kitu. Hiyo ndiyo tabia yangu mbaya na sijaiacha mpaka leo.

Mama alikuwa na mdogo wake mmoja tu, mama mdogo Zuhura. Alikuja Riyadh kwa ajenti, wakati ule ambapo kila mtaa wa kwetu ulikuwa na msichana aliyepiga picha ya pasipoti na kushona buibui jipya. Alipangiwa kazi za ndani katika nyumba moja Al-Naseem. Mwaka wake wa kwanza, baba alitumwa Riyadh kikazi akatuchukua, na mama akamwomba sana bosi wa ile nyumba kwa simu mpaka akakubali tumwone.

Naikumbuka Riyadh kwa midomo iliyopasuka. Hakuna bahari, hewa kavu inakwaruza pua. Nyumba yenyewe ilikuwa na geti la chuma lenye nakshi za rangi ya dhahabu, na nyuma yake niliona ngazi mbili za marumaru, moja kulia na moja kushoto. Mama mdogo akatoka na glavu za mpira mikononi, ananukia dawa ya kufulia. Alikuwa ameanza kunibusu tu, sauti ya mwanamke ikaita kutoka ndani. Mama mdogo akasema, "Hadhir, madam," akaondoa mikono yake usoni mwangu na kurudi ndani mbio, na geti likafungwa. Tulingoja kwenye jua lile mpaka baba akasema twendeni. Mama alilia ndani ya gari njia nzima na mimi sikuelewa analilia nini, kwa sababu nilikuwa nimeona mtu mwenye nyumba kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona. Niliporudi shule niliwaambia wenzangu kwamba mama yangu mdogo ana nyumba Riyadh yenye ngazi mbili. Sikuwa nikidanganya. Hata ile hadhir, yaani nipo tayari kutumwa, nilidhani ndiyo lugha ya watu wakubwa, nikawa naitumia kwa mwalimu wa hesabu.

Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili. Ilipotimia, kafili wake, yaani yule bosi aliyemdhamini, akakataa kumtolea ruhusa ya kuondoka. Kule mfanyakazi hawezi kutoka nchini bila mkono wa kafili, na pasipoti anayo yeye. Mama mdogo akawa anaambiwa mwezi ujao, mwezi ujao. Halafu familia ile ikaja kufanya umra, na baada ya umra wakateremka Jeddah kupunga upepo wa bahari. Wakamleta awashikie watoto.

Siku hiyo baada ya swala ya alasiri mlango wetu uligongwa. Mama alipofungua, mama mdogo alikuwa amesimama pale na chupa ya maziwa ya mtoto mkononi. Alikuwa ametumwa dukani kuongeza maji ya moto ndani ya ile chupa, akaingia kwenye teksi badala ya duka. Anuani yetu alikuwa ameikariri miaka miwili. Aliiweka ile chupa juu ya meza na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Dada, yule mtoto atanyweshwa na nani?" Mama akamwambia hebu kaa kwanza. Hakukaa. Alisimama ukutani mpaka baba aliporudi kazini.

Nilimzunguka kumtazama. Alikuwa amekonda, na ukimsemesha upande wa kushoto hakugeuka. Madam alimpiga kofi mwezi wa Ramadhani na tangu siku hiyo sikio lile likafa. Alilisimulia hilo bila kupandisha sauti, kama anayetoa habari za mvua.

Baba alikuwa mtu wa kufuata sheria na aliogopa, maana kumficha mfanyakazi aliyemkimbia kafili ni kosa ambalo lingempotezea kazi na kumtia ndani. Lakini mama alimtazama tu. Kesho yake baba akaenda kwa watu wetu wanaoshughulikia mambo hayo, wakamwambia karatasi ya safari ya dharura itapatikana baada ya siku kumi na moja, na kuna njia ya kumpitisha arudi kwao bila kupitia tena kwa bosi. Siku kumi na moja asionekane. Na akionekana, asiwe Mkenya, kwa sababu mwanamke wa Kenya asiye na ikama, kibali cha kukaa, kule kila mtu anamfahamu ni nani.

"Atakuwa mgeni wetu wa umra," baba akasema. "Anatoka Botswana."

"Kwa nini Botswana?" mama akauliza.

"Kwa sababu hapa hakuna anayeijua. Atakayemuuliza hatakuwa na la kuuliza."

Na sababu ya pili hakuitaja, ila mimi niliijua: alikuwa na kitabu. Miezi michache kabla ya hapo kontena moja lilipasuka bandarini, na ndani yake mlikuwa na maboksi ya vijitabu vya kuwakaribisha watalii Botswana, vimelowa maji ya chumvi, vikatupwa. Baba alichukua kimoja kikavu akaniletea kwa sababu kilikuwa na picha za tembo. Kilikuwa cha Kiingereza, na mimi ndiye niliyesoma shule ya kimataifa. Baba akanikabidhi mama mdogo. "Mfundishe," akaniambia, "mpaka aseme bila kukwama."

Jamani, sijawahi kupewa kazi nikaipenda vile. Nilichukua rula nikawa mwalimu. Asubuhi sikuenda shule, baba alisema nina homa, basi tulikaa chini ya kiyoyozi mimi na yeye, yeye sikio zima upande wangu. Mji mkuu? Gaborone. Sarafu? Pula, na maana yake ni mvua, kwa sababu kule mvua ni adimu na wanaithamini. Bendera? Buluu, katikati mstari mweusi wenye kingo nyeupe. Ukikutana na mama mtu mzima unasemaje? Dumela, mma. Ukipewa kitu? Napokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeugusa huu wa kulia. Alijifunza haraka kuliko nilivyotaka. Alianza kuniita mwalimu, na mama akipita anasema, "Mwalimu wako ana fimbo, Zuhura, jihadhari," nao wanacheka wote wawili. Mama akimwita jikoni kwa ghafla yeye huruka na kusema hadhir, madam, na hapo kicheko hukatika. "Hapa hakuna madam," mama humwambia. "Hapa kuna dadako."

Sura aliyoipenda ilikuwa ile ya mashauri kwa mgeni. Mgeni anashauriwa kuchukua kofia pana. Mgeni anywe maji mara kwa mara hata kama hasikii kiu. Mgeni akipotea asione haya kuuliza, wenyeji watafurahi kumwelekeza. Alinitaka niisome tena na tena.

"Yaani kuna mtu ameketi chini," akasema siku moja, "akaandika kitabu kizima ili mgeni asipate tabu?"

"Ndiyo."

"Na mgeni mwenyewe hata hawamjui."

"Hawamjui. Yeyote atakayekuja."

Halafu akaniomba nimwonyeshe ramani, nami nikamwonyesha ule mto mkubwa unaotoka mbali, ukaingia nchini, ukatawanyika na kuishia jangwani bila kufika bahari yoyote. Akaufuata kwa kidole mpaka mwisho. "Sasa unakwenda wapi?" Nikamwambia kitabu kinasema maji mengine yanakwenda na jua, mengine yananyonywa na mchanga. "Basi na wenyewe hauna pasipoti," akasema, na tukacheka mpaka mama akatugongea ukuta.

Mimi, kwa akili yangu ya miaka tisa, niliamini kwamba anakwenda kweli. Sikuelewa kwamba Botswana ilikuwa pazia tu. Nilidhani karatasi inayongojwa ni ya huko, na kwamba ndiyo maana anasoma, kama mtu anavyosoma kabla ya mtihani wa kuingia shule. Nikampangia hata nyumba, karibu na mto.

Siku ya nane ilikuwa Ijumaa. Mama aliamka na kichwa kinamgonga, akamwambia mdogo wake, "Leo tupikie boko boko, ngano ipo." Boko boko mnalijua nyinyi wa pwani, ngano inapikwa na nyama ikapondwa mpaka ikavutika. Mama mdogo akaingia jikoni. Mama alipoamka adhuhuri akafunua sufuria, ndani mna kitu cheupe chenye uchachu, juu kimemwagiwa vitunguu na jira.

"Hili boko boko limeona nini mpaka likapauka hivi?"

Mama mdogo akatazama mikono yake. "Dada, nilianza vizuri. Kugeuka nakuta nishatia mtindi. Kila Ijumaa miaka miwili nimewapikia hiki, mikono ilikwenda yenyewe."

Tulikula, na kilikuwa kitamu, siwezi kusema uongo. Mama akakumbuka kwamba ana sahani ya Umm Nasir siku ya nne sasa. Umm Nasir alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, mjane, mwenyeji wa kule kule, na yeye na mama walikuwa wakipelekeana vyakula tangu nizaliwe. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Ukirudisha tupu umemtukana, na ukiichelewesha umejitukana mwenyewe. Tangu mama mdogo aje mama hakuwa na moyo wa kupika cha kupeleka watu. Sasa kilikuwepo. Akapakua, akafunika kwa karatasi ya fedha, akanipa.

Umm Nasir alifungua mlango, akafunua, akanusa. Akachovya kidole akaonja pale pale akiwa amesimama, na macho yake yakajaa maji. Nilishangaa, maana pilipili haikuwemo.

"Nani amepika hiki?" akaniuliza kwa Kiarabu.

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Siku nane nilikuwa nikingoja mtu aulize. "Mgeni wetu, khala. Amekuja umra. Anatoka Botswana."

"Botswana wanapika hivi?"

"Ndiyo. Nafaka iliyopazwa, na maziwa yaliyoganda. Imeandikwa kitabuni."

Na kweli ilikuwa imeandikwa, ukurasa wa vyakula, kwamba wenyeji hupenda uji wa mtama uliotiwa maziwa ya kuganda. Nilipoona lile sufuria nilijua mara moja mama mdogo anafanya mazoezi, hata aseme nini juu ya mikono yake. Umm Nasir akacheka na kulia pamoja, akaniambia alizaliwa Riyadh, na chakula hiki hakukila cha mkono wa namna hiyo tangu mamake afe. Nilipanda ngazi mbili mbili.

"Nimeulizwa na nimejibu yote," nikasema.

Mama mdogo alikuwa anaosha sufuria. "Alisema nini alipoonja?"

"Amelia. Amesema ni chakula cha kwao Riyadh."

Akafunga bomba. Mama akasema Umm Nasir ni mtu mwema, hana neno na mtu. Na huo ndio ukweli unaonitafuna: alikuwa mtu mwema. Hakwenda kumchongea mtu. Alimsimulia kaka yake tu kwamba Waafrika wa juu wana mgeni anayepika kama mama yao marehemu, na je, hawezi kuombwa awapikie kwenye arusi ya Nasir. Kaka yake hakuwa mjinga. Alijua kuwa mkono ule haujifunzi Botswana wala kwenye kitabu, akapeleka habari polisi.

Siku ya kumi, saa nne za asubuhi, baba yuko bandarini, walikuja wanaume wawili na karatasi. Hawakuwa wakali. Mmoja akamuuliza mama mdogo anatoka wapi. Akasema Botswana. Yule mtu akatabasamu kidogo akamuuliza mji mkuu. "Gaborone," akajibu, kichwa juu. Akaulizwa pesa yao. "Pula." Nilikuwa nyuma ya mama, midomo yangu ikitamka pamoja naye, na nilihisi fahari ambayo sijaihisi tena maishani. Yule mtu akamtazama mwenzake. Nadhani kwa dakika moja walisita kweli.

Ndipo kutoka chini kwenye ngazi sauti ya mwanaume ikaita, wala si kwa nguvu, kama mtu anayeita chai: "Zuhura."

"Hadhir, baba," mama mdogo akasema.

Kinywa kilijibu kabla yake. Nilimwona anaweka mkono mdomoni, ameshachelewa. Bosi wake, ndiye aliyemwita baba, akapanda ngazi tatu za mwisho akasema, "Yalla." Mama alimshika mdogo wake kiunoni na mmoja wa wale wanaume akamwachisha kwa upole, kidole kimoja kimoja. Na mimi, ninaona aibu kuandika hili, mimi nilikasirika. Nilidhani ni mtihani na amefeli swali la mwisho, baada ya kazi yote niliyoifanya. Sikumuaga. Nilikwenda chumbani kwangu nikafunga kile kitabu kwa kishindo.

Kesho yake Umm Nasir alipanda amevimba macho, ameshika sahani ya keki ya basbusa. Alisema, "Wallahi sikujua," mara nyingi. Mama alipokea, akasema shukran, akafunga mlango. Baba mkataba wake haukuongezwa na mwaka ule ule tukarudi Mombasa.

Mama mdogo walimrudisha Al-Naseem. Alipiga simu mara mbili, mara ya pili alisema mafi mushkila, hakuna shida, kwa sauti ya mtu aliyesimamiwa. Baada ya hapo kimya cha miaka mitatu. Kafili akampandisha ndege mwenyewe alipokuwa hafai tena, hasikii kengele, hasikii mtoto akilia. Sikio la kulia nalo lilikufa na hakuna aliyetueleza lilikufaje. Uwanja wa ndege watu wote walitoka, yeye akabaki kasimama ukutani mpaka mama alipokwenda kumshika mkono.

Anaishi nasi. Ana chumba chake. Hatumkatazi kitu na hataki kitu. Mtu akimtazama na midomo ikacheza, hata mtoto wa jirani anayeomba maji, yeye huinuka akidhani anatumwa kazi. Mama alijaribu miaka yote kumzoeza kukaa.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni mimi. Mama hakuniambia hata siku moja. Niligundua mwenyewe nikiwa kidato cha pili, darasa la upishi, mwalimu anaeleza vyakula vya Bara Arabu. Niliomba ruhusa nikaenda kutapika. Tangu siku hiyo natamani mtu angenipiga.

Matanga yalipokwisha nilifungua sanduku la mama, lile alilotoka nalo Jeddah. Chini kabisa mlikuwa na sahani ya Umm Nasir ya maua ya buluu, imefungwa kwa kanga. Katika maisha yake yote ndiyo sahani pekee ya mtu ambayo mama hakuirudisha. Juu yake kilikuwa kile kitabu.

Nilikipeleka chumbani kwa mama mdogo. Alikuwa ameketi kitandani na bakuli tupu mapajani, amekula chakula alicholeta jirani akamaliza. Akakipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umegusa ule wa kulia. Alipofika kwenye ramani akaweka kidole juu ya mto, akaufuata polepole mpaka unapoishia.

Ningeweza kumwandikia. Kusoma anajua, na kalamu nilikuwa nayo. Nilichagua kusema kwa mdomo kwa sababu nilijua hatasikia, na huo ndio uoga wangu wote, mnaujua sasa. Nikapiga magoti mbele yake.

"Ni mimi, mama mdogo. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilidhani unakwenda kweli."

Aliitazama midomo yangu mpaka ikatulia. Akakifunga kitabu, akakiweka kando sawasawa na ukingo wa kitanda, akasimama na kunyoosha dira lake kwa viganja.

"Hadhir, madam," akasema, akaenda kutafuta ufagio.